Shemeji kaleta mtu wa hipnosisi amtibu binti yangu tumbo. Nimruhusu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kirumba, biashara yangu ni dagaa pale Mwaloni. Baba yao ni fundi wa injini za boti, muda mwingi anakuwa visiwani, kwa hiyo mambo mengi ya watoto yananiangukia mimi. Ninayekuandikia habari zake ni binti yangu mkubwa, ana miaka 14, yuko kidato cha pili.

Tangu mwaka jana anaumwa tumbo. Linamkamata hapa katikati kwenye kitovu, anajikunja mpaka machozi yanamtoka. Mara nyingi ni asubuhi akishavaa sare, au Jumapili usiku. Siku nyingine anafika shule, saa tatu mwalimu wa zamu ananipigia nikamchukue. Nafunga biashara, nakwenda. Ikifika mchana yuko nyumbani anakula ugali, anacheka na wadogo zake. Jirani akaniambia, "Huyo anakuigizia." Lakini Shangazi, mimi ndiye niliyemzaa, namjua akiigiza. Lile tumbo linamuuma kweli.

Hospitali tumezunguka. Damu, mkojo, choo, utrasaundi. Walisema taifodi, akanywa dawa. Wakasema vidonda vya tumbo, akanywa. Za minyoo pia. Daktari wa mwisho akapekua karatasi zote akaniambia, "Mama, mtoto wako hana ugonjwa," akaita mgonjwa mwingine. Nilitoka pale sijui nishukuru au nilie.

Likizo ya Juni alikwenda kwa bibi yake Ukerewe. Hakuumwa hata siku moja! Alikula samaki, alioga ziwani na wenzake, akarudi amenawiri. Shule ilipofunguliwa, wiki haijaisha, tumbo likarudi. Bibi yake anasema ni mzimu wa upande wa baba, unadai jina. Wenzangu wa jumuiya wanasema tufunge na kusali, na tumesali.

Sasa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, amekutana na bwana mmoja kwenye semina ya biashara, anajiita mtaalamu wa hipnosisi. Anasema atamlaza mtoto usingizi maalumu halafu aongee na akili yake ya ndani. Ameshasema kabla hata hajamwona kwamba chanzo ni tukio la utotoni ambalo mtoto amelisahau, na yeye atalichimbua litoke. Bei ni laki tatu na nusu kwa vikao vitatu. Kikao cha kwanza ni kwenye lodge aliyofikia, huko Nyegezi, yeye na mtoto peke yao, kwa sababu eti mzazi akiwepo nguvu inapungua. Shemeji ameshatanguliza elfu hamsini bila kuniuliza.

Kwenye simu nimeona video za watu wanalazwa jukwaani, halafu wanabweka kama mbwa. Naogopa. Hii ni tiba au ni mazingaombwe? Mtoto anaweza kulala asiamke? Anaweza kuamrishwa afanye asilolitaka? Na je, ni dhambi? Halafu upande mwingine nawaza, kama ni tiba kweli, si nitakuwa namnyima mwanangu nafuu kwa woga wangu? Mwenyewe nilipomuuliza alisema, "Mama, chochote, ila lisiume tena."

Nishauri.

Mama mwenye mawazo, Kirumba, Mwanza

* * *

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na mpe binti pole yangu.

Naanza na la lodge kwa sababu ndilo lenye haraka. Usimpeleke. Mwanamume asiyejulikana, chumba cha wageni, binti wa miaka 14, mlango umefungwa na mama haruhusiwi kuingia: hapo hata angekuwa profesa, mimi sina la kusikiliza zaidi. Hakuna tiba ya mtoto inayoishiwa nguvu kwa sababu mama yake amekaa kwenye kiti pembeni. Wanaofanya kazi hii kwa heshima humweleza mzazi watakachofanya kabla hawajaanza, na mzazi akitaka kushuhudia anashuhudia. Kweli, kijana wa umri huo anastahili pia nafasi ya kuzungumza faragha na daktari au mshauri, na nitalirudia hilo. Lakini faragha hiyo hutolewa kliniki, penye wahudumu wengine, na anayeitoa anajulikana jina, kazi na aliyemwajiri.

Hilo la kuchimbua tukio lililosahaulika nalo linanitia hofu kuliko hata bei. Mtu aliye katika hipnosisi anapokea mapendekezo kwa wepesi. Ukimuuliza, "Nani alikufanyia nini ulipokuwa mdogo?" akili inaweza kutunga jibu, na akitoka pale analiamini kama jambo alilolishuhudia. Mwaka 1985 jopo la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichunguza suala hili likahitimisha kwamba kumbukumbu zinazotolewa kwa hipnosisi kwa jumla huaminika kidogo kuliko za kawaida. Mtu anazidi kuwa na hakika tu, ukweli hauzidi. Sasa fikiria binti arudi nyumbani akiwa na hakika kwamba ndugu fulani alimtendea uovu, na hakuna awezaye kujua tena kama lilitokea au lilipandwa siku ile lodge. Na kama kuna jambo la kweli lililompata, kumchokonoa namna hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuuharibu ushahidi wake. Tena bwana huyu ameujua ugonjwa kabla ya kumwona mgonjwa! Hata waganga wa kienyeji huanza kwa kupiga ramli.

Ila usije ukadhani nimeitupa hipnosisi yenyewe pamoja na huyo bwana. Ulichokiuliza mwishoni, kama unamnyima mwanao tiba ya kweli, ni swali zuri, kwa sababu tiba ipo. Na kwa bahati, tumbo la namna ya binti yako ni miongoni mwa mambo machache ambayo hipnotherapia, yaani tiba kwa hipnosisi, kwa watoto imefanyiwa utafiti wa kueleweka.

Uholanzi, mwaka 2007, madaktari wa watoto walichapisha utafiti wa watoto 53 wa miaka 8 hadi 18 waliokuwa na maumivu ya tumbo ya muda mrefu, vipimo havionyeshi kitu, dawa zimeshindwa. Yaani akina binti yako. Waliwagawa kwa bahati nasibu. Nusu walipata matibabu ya kawaida pamoja na vikao vya kuzungumza na kutiwa moyo. Nusu walipata vikao sita vya hipnotherapia katika miezi mitatu. Mwaka mmoja baada ya matibabu, waliopona au karibu kupona walikuwa asilimia 85 kwa kundi la hipnotherapia na asilimia 25 kwa wenzao. Walipofuatiliwa tena takriban miaka mitano baadaye, ilikuwa asilimia 68 kwa 20. Najua 53 ni watoto wachache, na huwezi kumficha mtoto kwamba anapewa hipnosisi kama unavyoweza kumficha kidonge cha uongo, kisicho na dawa ndani, kwa hiyo imani na matumaini yamo ndani ya hesabu hizo. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno kuipuuza.

Ninaoupenda mimi ni utafiti wao wa pili, wa 2017. Safari hii watoto walikuwa 260. Kundi moja lilikwenda kwa mtaalamu, jingine lilipewa sidii yenye mazoezi yaleyale ya kusikiliza nyumbani, kitandani kwao. Baada ya mwaka, waliopata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 71 kwa mtaalamu na 62 kwa waliosikiliza sidii. Umeona? Mtaalamu alisaidia zaidi, lakini sehemu kubwa ya kazi waliifanya watoto wenyewe, chumbani, bila mtu wa kuwaamrisha. Ndiyo maana sikubali mtu anayesema nguvu anayo yeye. Hipnotherapia ya watoto ni ujuzi anaofundishwa mtoto, akishaujua ni wake, anautumia darasani, kwenye daladala, popote. Marekani mwaka 1987 watoto 28 wa miaka 6 hadi 12 wenye kipandauso walifundishwa kujifanyia hipnosisi wenyewe, na katika miezi mitatu maumivu ya kichwa yalishuka kutoka wastani wa mara 13 hivi, walipokuwa wanakunywa vidonge vya uongo, hadi chini ya mara 6. Vidonge halisi walivyojaribiwa navyo katika utafiti huohuo havikuwapa nafuu yoyote ya maana. Madaktari wengine huitumia kwa watoto wanaoogopa sindano au wanaotolewa maji ya uti wa mgongo. Kwa kukojoa kitandani, ambako nasikia nako inauzwa sana, ushahidi wake ni hafifu. Kwa mtoto anayesikia sauti wasizozisikia wengine, si mahali pake kabisa.

Sasa inakuwaje? Umewahi kumwona mtoto anayesikiliza hadithi ya bibi, unamwita akale na hakusikii, na jasho linamtoka kwa sababu zimwi limekaribia? Hajalala. Jina lake likiitwa kwa ukali atageuka. Lakini akili yote imehamia kwenye hadithi, na mwili umeifuata, moyo unakwenda mbio kwa zimwi ambalo halipo. Hipnosisi ni hali hiyo, imeingiwa kwa makusudi na kuelekezwa kwenye jambo la kumfaa. Watoto huiingia kwa wepesi kuliko sisi, hasa kati ya miaka 8 na 12 hivi, na wadogo wengine hata hawafumbi macho, wanajikuna, wanacheza na vidole. Hakuna wa kulala asiamke. Mtaalamu akitoka nje akasahau kurudi, mtoto atachoka, atafungua macho, au atapitiwa na usingizi wa kawaida na kuamka. Wale wa kwenye video wanaobweka walijitolea kupanda jukwaani mbele ya watu, wakachujwa wakabaki wale walio tayari kufanya vituko. Hayo ni maonyesho. Lakini usiniambie basi haina hatari. Mtoto hutii watu wazima hata bila hipnosisi, na ukimwambia kwamba huyu ana mamlaka juu ya akili yako, atatii zaidi. Hatari iko kwa mtu, ndiyo maana nimeanza na lodge.

Dhambi? Umetaja jumuiya, nadhani wewe ni Mkatoliki. Papa Pius XII aliligusia suala hili mwaka 1957 alipozungumza na madaktari wa usingizi: hipnosisi mikononi mwa daktari, kwa tiba na kwa tahadhari, hakuikataza, alichokataa ni kuifanyia mchezo. Mwonyeshe padri wako barua hii kama bado una shaka. Na kusali endeleeni, sala haijawahi kugombana na hospitali.

Daktari aliyekuambia mtoto hana ugonjwa aliishia njiani. Nadhani alitaka kusema hakuna kidonda wala mdudu aliyeonekana. Hiyo si sawa na kusema hakuna maumivu. Utumbo una mishipa yake mingi ya fahamu, na ina mawasiliano na ubongo saa zote. Kwa baadhi ya watoto, mara nyingi baada ya maambukizi ya tumbo au kipindi cha wasiwasi, mishipa hiyo inabaki ikipiga kelele kwa jambo dogo: gesi kidogo, uji wa asubuhi, hofu ya mtihani. Ubongo unapokea kelele hizo kama maumivu, na ni maumivu hasa. Kwa hiyo jirani yako kakosea, na bibi wa Ukerewe, nisamehe, naye sikubaliani naye.

Kanda ya Ziwa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa mwili wa binti kubeba mzigo ambao kipimo hakiuoni. Januari 30, 1962, kwenye shule ya bweni ya wasichana Kashasha, kule Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Kufikia Machi 18, siku shule ilipofungwa, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na hali ikawafuata wengine vijijini walikorudi. Madaktari walitafuta vijidudu na sumu, hawakupata kitu. Dunia nzima hadi leo inaitaja kama kichekesho, "ugonjwa wa kucheka wa Tanganyika", na mimi huwa inaniudhi, maana waliokuwepo hawakuwa wanafurahi. Walikuwa watoto wenye dhiki. Mapepo ya shule za bweni tunayoyasikia kila mwaka, wasichana wanaanguka mmoja baada ya mwingine, ni ndugu wa jambo hilohilo, na kila mara wanaitwa waigizaji au wenye majini, hakuna anayewauliza shule ikoje.

Kabla sijafika shuleni, kuna jambo kwenye barua yako limenishtua. Binti ameoga ziwani Ukerewe. Mwambao wa ziwa letu na visiwa vyake una kichocho cha utumbo kwa wingi, na kipimo kimoja cha choo kinaweza kukosa mayai hata kama yapo. Vidonge vinavyogawiwa shuleni, vile wanavyopimiwa watoto kwa mti wa urefu, hulenga zaidi shule za msingi, huyu wa sekondari anaweza kuwa amepitwa. Rudi ukaombe choo kipimwe tena, zaidi ya mara moja, na umwambie daktari wazi kwamba anaoga ziwani. Simaanishi kichocho ndicho kinachomuuma, maana kichocho hakijui Jumapili usiku. Lakini mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Uliza pia kama aliwahi kupimwa selimundu (sikoseli), ugonjwa huo uko mwingi ukanda huu na maumivu yake huweza kujitokeza tumboni. Daktari akitaka kupima mimba usichukulie kama tusi, kwa msichana wa umri huo anayeumwa tumbo ni utaratibu. Na kuna dalili ambazo ukiziona usingoje wala usisikilize habari za hipnosisi: kupungua uzito, damu kwenye choo, homa zinazorudi, kutapika nyongo, macho ya njano, maumivu yanayomwamsha usingizini au yanayohamia upande mmoja, hasa chini kulia. Hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Vipimo vikirudi safi, twende shuleni. Tumbo linaloacha likizo na kurudi muhula ukianza linakwambia kitu, na hujaniandikia hata mstari mmoja kuhusu hiyo shule. Anakaa na nani darasani? Kuna somo linaloambatana na viboko? Mtihani wa taifa wa kidato cha pili anauonaje? Anakwenda kwa daladala au kuna bodaboda "anayemsaidia"? Choo cha shule kinafungika siku zake za hedhi zikifika? Kuna mwalimu anayemwita ofisini? Usimkalishe kitako umhoji kama polisi, muulize mkiwa mnachambua dagaa, mikono ina kazi na macho hayakutani. Hapa ndipo ile faragha niliyoitaja inapohitajika. Yapo ambayo hatakwambia wewe, atamwambia muuguzi au ofisa ustawi wa jamii, na hilo lisikuumize. Nasisitiza hili kwa sababu kama shuleni kuna mtu anayemtesa, kumfundisha mtoto kutuliza tumbo ni kumnyamazisha mlinzi huku mwizi yumo ndani.

Nyumbani nako kuna jambo la kubadili, na litakuwa gumu kwako kwa sababu ni mama mwenye huruma. Acha kumuuliza tumbo linaendeleaje. Marekani mwaka 2006 watafiti waliwanywesha watoto maji mpaka matumbo yakajaa yakaanza kuwasumbua, kisha wakawaelekeza wazazi, wengine wabembeleze na kuulizia maumivu, wengine wahamishie mazungumzo kwenye jambo jingine. Waliobembelezwa walilalamika karibu mara mbili ya watoto ambao wazazi wao hawakuelekezwa chochote. Walioongeleshwa mengine, malalamiko yalipungua nusu. Cha ajabu ni kwamba wazazi walidhani kubadili mazungumzo kunaweza kuwadhuru watoto, ila watoto wenyewe walisema kuliwasaidia. Kwa hiyo akisema linauma, mwambie "pole, najua," mpe maji, halafu endeleeni na mengine. Kama hana dalili zile nilizotaja, aende shule hata kwa kuchelewa. Zungumza na mwalimu wa zamu wampe mahali pa kukaa dakika ishirini kisha arudi darasani, badala ya kukupigia simu. Kila unapofunga biashara kumfuata, na upendo wako wote, tumbo linajifunza kwamba njia hiyo inafanya kazi. Nasema tumbo, sisemi yeye, maana hafanyi kwa kusudi.

Kumpata hapa Mwanza mtu aliyesomea hipnotherapia ya watoto usitarajie kuwa rahisi. Anza Sekou Toure kwa daktari wa watoto, au uombe rufaa ya Bugando, kuna idara ya watoto na idara ya magonjwa ya akili. Usitishwe na jina la hiyo ya pili, hawatamwandika mwanao kichaa. Waambie: "Vipimo ni safi, maumivu yanakuja siku za shule, nataka mtu wa kumfundisha kutulia na kuyamudu." Mwanasaikolojia au muuguzi wa afya ya akili anaweza kufundisha mazoezi ya pumzi, kulegeza misuli na safari za mawazo, ambayo ni jirani wa karibu sana wa hipnosisi. Mwombe arekodi zoezi kwa Kiswahili kwenye simu yako, binti alisikilize kila usiku. Usimpakulie vya Kiingereza vya mtandaoni. Mwili unalegea kwa lugha unayoota nayo.

Na mkisubiri miadi, kuna la kuanza nalo ambalo halina madhara. Binti mwenyewe achague mahali ambapo tumbo huwa halimuumi. Nadhani tunalijua, ni kule kwa bibi, ila mwache aseme yeye. Alale chali, mkono wa joto juu ya kitovu, avute pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi. Ajione yuko pale: jiwe alilokalia lina joto la jua, maji yanagusa miguu, harufu ya samaki wanaokaangwa. Aliache lile joto la jiwe lihamie kwenye mkono, kutoka mkononi liingie tumboni, lisambae. Kisha aipe maumivu namba kati ya sifuri na kumi, aishushe moja tu, asiilazimishe. Dakika kumi zinatosha. Afanye kila usiku, hata siku ambazo hakuumwa, hasa siku hizo, ili asubuhi ya shule isimkute ndiyo kwanza anajifunza. Wewe usimsimamie. Akikataa, mwache.

Siku moja ukija kupata mtu anayesema anafanya hipnotherapia, muulize kazi yake ya msingi ni nini. Fani hii ina kanuni ya zamani: usitibu kwa hipnosisi jambo ambalo huna ujuzi wa kulitibu bila hipnosisi. Daktari, mwanasaikolojia au muuguzi aliyeongeza mafunzo, sawa. Mtu wa semina ya biashara, hapana. Muulize pia mtoto atafundishwa kufanya mwenyewe baada ya vikao vingapi. Akikwambia haiwezekani, lazima arudi kwake kila mara, chukua kanga yako uondoke.

Imebaki elfu hamsini ya shemeji. Mshukuru kwa nia, maana alitaka kusaidia, kisha mwambie aidai. Ikirudi inatosha nauli na vipimo vya choo. Isiporudi imekwenda na maji, msiongeze laki tatu nyingine kwa kuionea uchungu. Namba ya binti asipewe yule bwana, na kama tayari anayo na anaanza kumtafuta moja kwa moja, piga 116, simu ya watoto, ni bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Mwambie na baba yake akirudi kutoka visiwani, asije akasikia upande wa shemeji kwanza.

Shangazi